Mtoto na theluji: Yafaayo kuzingatiwa kabla ya likizo ya kwanza ya skii

KWA Wakenya wengi, theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali: weupe unaong'aa kileleni mwa Mlima Kenya alfajiri kabla mawingu hayajatanda, au mandhari ya filamu za msimu wa Krismasi. Hali ni tofauti kwa familia zilizofanya makao Ujerumani, Uswisi, Austria, Kanada au Marekani, pamoja na jamaa wanaozitembelea wakati wa likizo. Huko, theluji ni jambo la kila mwaka, na haupiti muda kabla ya watoto kurudi kutoka shuleni na ombi moja: wenzao wanakwenda milimani kuteleza kwa skii, mbona wao hawaendi?

Ombi hilo si dogo. Skii, yaani mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa vibao viwili virefu vilivyofungwa miguuni, ina gharama kubwa, baridi kali na hatari zake. Isitoshe, mzazi wa Kiaustria au wa Kiswisi hurithi maarifa ya mchezo huu kwa wazazi wake, tangu namna ya kumvika mtoto soksi hadi namna ya kumpandisha kwenye kiti kinachoning'inia angani. Mzazi aliyelelewa Kakamega au Kwale hana kumbukumbu kama hizo za kumwongoza. Hana budi kujifunza pamoja na mwanawe, na aghalabu miongozo anayoisoma haikuandikwa kwa kumfikiria yeye.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo ya msingi. La kwanza, ambalo mengine yote yanalitegemea, ni kwamba likizo ya kwanza ya skii haipimwi kwa umbali ambao mtoto ameteleza, bali kwa hamu yake ya kurudi tena. Mtoto anaweza kupelekwa akiwa mdogo mno, akavikwa visivyo, akapandishwa mteremko usio wake au akalazimishwa kushinda nje akiwa amechoka. Mengi ya makosa hayo huzaliwa na pupa ya watu wazima wanaoona kuwa, maadamu wamelipa fedha nyingi, sharti kila saa itumike.

Wakenya wawili

Historia yetu fupi katika mchezo huu inatupa mifano miwili. Philip Boit, mwanariadha kutoka eneo la Eldoret, aliiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka wa 1996 nchini Finland akiwa mtu mzima. Miaka miwili baadaye aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mjini Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye utepe akamkumbatia. Boit alimwita mwanawe jina la bingwa huyo.

Mfano wa pili ni Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka wa 1998 na kuhamia Austria akiwa na umri wa miaka mitatu. Alijifunza skii utotoni kama watoto wengine wa milima hiyo, na mwaka wa 2018 akaiwakilisha Kenya huko PyeongChang, Korea Kusini, katika mbio za kuteremka mlima.

Boit alikuwa na mapafu na moyo wa mwanariadha, ila miguu yake ilikutana na theluji ikiwa imekwisha kukomaa. Simader alikunjwa angali mbichi, kama wasemavyo wahenga kuhusu samaki. Hata hivyo, mzazi asiusome mfano huo vibaya. Mtoto wa Alps hakunjwi kwa wiki moja. Huzoea theluji msimu baada ya msimu, na msimu wa kwanza huwa ni wa kucheza tu.

Umri ufaao

Shule nyingi za skii barani Ulaya huwapokea watoto kuanzia miaka mitatu au minne. Kabla ya umri huo misuli ya miguu na uwezo wa kujisawazisha haujakomaa vya kutosha, na kichwa cha mtoto bado ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Lakini miaka pekee haitoshi kuwa kipimo. Yafaa mzazi ajiulize: je, mtoto anaweza kukaa saa mbili na mtu asiyemjua bila kulia? Anaweza kufuata maagizo mafupi? Anaweza kusema kuwa anasikia baridi au anataka kwenda msalani? Iwapo majibu ni la, hasara si kubwa. Mtoto wa miaka mitatu atafurahia kigari cha kuburutwa thelujini na kujenga sanamu ya theluji kuliko somo lolote, na mwaka mwingine utakuja.

Ama kuhusu watoto wachanga, onyo ni moja. Wapo wazazi wanaombeba mtoto mgongoni huku wenyewe wakiteleza. Mzazi anapoanguka, mtoto naye huanguka. Fauka ya hayo, mzazi anayejongea hupata joto ilhali mtoto aliyeketi kimya mgongoni hupoa, na mikanda ya mbeleko huweza kubana miguu yake na kupunguza mzunguko wa damu.

Mwachie mwalimu

Mzazi anayejua kuteleza hushawishika kumfundisha mwanawe mwenyewe ili kuokoa ada. Mzazi asiyejua hana kishawishi hicho, na pengine hiyo ni heri kwake. Mtoto humlilia mzazi wake kwa mambo ambayo hatamlilia mwalimu, na huwaiga watoto wenzake upesi kuliko anavyomwiga mtu mzima.

Nchini Ufaransa, shule maarufu ya ESF, iliyoanzishwa mwaka wa 1945, huwafunza wadogo katika bustani zilizozungushiwa ua, zenye mteremko mdogo mno na sanamu za wanyama za kuzunguka. Watoto hupanda ngazi zenye majina ya kuvutia kama vile Piou-Piou, yaani kifaranga, kisha Ourson, yaani mtoto wa dubu, na Flocon, yaani chembe ya theluji. Kila ngazi ina beji yake. Badala ya viti vya angani, watoto hupandishwa kwa mkanda unaotembea ardhini, mfano wa ule wa mizigo katika uwanja wa ndege.

Somo la kwanza ni kusimama. Walimu wengi huwaambia watoto waweke vibao kama kipande cha pizza, yaani ncha za mbele zikaribiane na za nyuma zitanuke, ili kupunguza kasi. Wanapotaka kwenda mbele huviweka sambamba kama chipsi mbili. Mtoto asiyejua neno la Kijerumani wala la Kifaransa hulielewa fumbo hilo mara moja. Fimbo za mikononi hazihitajiki katika hatua hii.

Nusu siku yatosha. Masomo ya asubuhi, chakula cha mchana, kisha mchezo huru au usingizi, ndiyo ratiba inayomfaa mtoto mdogo. Machozi ya siku ya kwanza ni ya kawaida, na mara nyingi hukauka mzazi akiondoka machoni. Lakini mtoto anayelia siku ya pili na ya tatu anasema jambo, na yapasa asikilizwe.

Baridi na mwili mdogo

Mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima kwa sababu eneo la ngozi yake ni kubwa likilinganishwa na uzito wa mwili wake. Vilevile, akinogewa na mchezo hasemi kuwa vidole vimekufa ganzi.

Mavazi huwa ya tabaka tatu. Ndani kabisa ni fulana na suruali ya kubana ya sufu au ya kitambaa kisichofyonza maji. Pamba haifai, kwa kuwa ikilowa jasho haikauki upesi na huupoza mwili. Tabaka la pili ni sweta jepesi la kuhifadhi joto. La tatu ni koti na suruali zisizopenyeza upepo wala maji. Glavu zinazounganisha vidole vinne pamoja huhifadhi joto kuliko zile za kidole kimoja kimoja. Soksi iwe moja tu, ndefu na nyembamba. Wazazi wengi wageni humvika mtoto soksi mbili au tatu, wasijue kwamba kiatu cha skii kikibana damu haifiki vidoleni, na mguu huganda zaidi. Skafu yenye ncha zinazoning'inia iachwe nyumbani kwa kuwa huweza kunaswa na mitambo. Kizuia upepo cha shingoni kisicho na ncha kinatosha. Na mtoto aende msalani kabla ya kuvikwa, si baada.

Hapa pana jambo ambalo miongozo ya Kizungu mara nyingi hailitaji. Wazazi huambiwa wachunguze iwapo ngozi ya mtoto imekuwa nyekundu kisha nyeupe puani, masikioni na mashavuni, kwani hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuumwa na baridi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu na weupe huo hauonekani wazi. Mzazi atafute rangi ya kijivu au iliyofifia, ngozi yenye sura ya nta au iliyokakamaa, na amwulize mtoto iwapo anahisi akiguswa. Amvue glavu kila baada ya muda na kuvigusa vidole. Akiona dalili hizo, ampeleke ndani na kumpasha joto taratibu, kwa mfano kwa kuviweka vidole vyake kwapani mwa mtu mzima. Asisugue sehemu hiyo, na kamwe asiisugue kwa theluji, wala asiisogeze karibu na moto, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi. Ikiwa hisia hazirudi, ni kazi ya daktari.

Jua na mwinuko

Ajabu ya milima hiyo ni kwamba jua huunguza hata kukiwa na baridi. Nguvu ya miale ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu apandapo mita 1,000, na theluji mpya huweza kuakisi hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini si kinga kamili, na macho hayana kinga hiyo. Jicho likipigwa na mwako wa theluji huuma, hutoa machozi na kushindwa kustahimili mwanga. Kwa hiyo mtoto avae miwani maalumu ya theluji, apakwe mafuta ya kuzuia jua usoni na midomoni, na anywe maji mara kwa mara kwa sababu hewa ya huko ni kavu.

Mwinuko nao una taathira zake. Mji wa Zermatt, Uswisi, uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Val Thorens ya Ufaransa iko mita 2,300, na mitambo yake hupanda juu zaidi. Mtoto wa Nairobi au Eldoret huenda asione tofauti kubwa mjini. Mtoto wa Mombasa, ama wa Hamburg, anaweza kuumwa kichwa, kukosa hamu ya chakula na kulala vibaya, hasa akipandishwa zaidi ya mita 2,500. Busara ni kulala chini, kupanda polepole na kumteremsha mara moja hali ikizidi.

Vifaa

Hakuna haja ya kununua vibao wala viatu. Mtoto hukua, na kila mji wa skii una maduka ya kukodisha. Kilicho muhimu ni kumpa fundi wa duka uzito, urefu na umri sahihi wa mtoto, na kusema ukweli kuwa ndiyo mara yake ya kwanza. Fundi hutumia takwimu hizo kurekebisha kishikizo kinachounga kiatu na kibao. Kikilegezwa mno, kibao huchomoka ovyo. Kikikazwa mno, hakifunguki mtoto anapoanguka, na mguu huweza kuvunjika. Mzazi anayeongeza kilo mbili ili mwanawe aonekane mkubwa anacheza na mfupa wa mtoto.

Helmeti si jambo la hiari kwa mtoto. Italia iliilazimisha kwa wasiotimiza miaka 14 kuanzia 2005, ikapandisha umri huo hadi 18 mwaka wa 2022, na tangu Novemba 2025 sheria inamhusu kila anayeteleza. Katika majimbo mengi ya Austria, watoto wasiotimiza miaka 15 wanalazimika kuivaa. Helmeti ya baiskeli haifai badala ya ile ya skii. Kwa wasichana waliosukwa, jambo hili lahitaji kupangwa kabla ya safari: misuko minene, shanga au nywele zilizofungwa juu huizuia helmeti kukaa sawasawa. Mistari iliyolala kichwani ndiyo ifaayo, na helmeti ipimwe mtoto akiwa na msuko ule ule atakaokuwa nao mlimani.

Mteremko na kanuni zake

Miteremko hupewa rangi kulingana na ugumu wake. Nchini Ufaransa kijani ni ya wanaoanza, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Austria, Uswisi na Italia, kwa kawaida, bluu ndiyo rahisi zaidi. Marekani na Kanada hutumia duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi. Mzazi aliyezoea Colorado asidhani kuwa bluu ya huko ni sawa na bluu ya Tyrol.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIS, lina kanuni 10 za mwenendo mlimani, zilizopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1967. Mbili zinamhusu mtoto moja kwa moja. Mosi, anayetoka juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini yake, kwani wa chini hamwoni. Pili, asimame mtu pembeni, si mahali pembamba wala nyuma ya kilima asikoonekana. Watoto hupenda kuketi katikati ya njia wakichoka, na watu wazima wajao kwa kasi huenda wasiweze kusimama kwa wakati.

Viti vya angani vinahitaji uangalifu wa pekee. Katika nchi kadhaa za Alps, mtoto asiyefika sentimita 125 haruhusiwi kupanda bila mtu mzima kando yake. Mtoto aketi na mgongo umeegemea nyuma kabisa, chuma cha usalama kishushwe mara moja, na mkoba usiachwe mgongoni. Akidondosha glavu, iachwe ianguke. Wahudumu wamezoea kuombwa kupunguza mwendo wa mtambo kwa ajili ya wadogo, na si aibu kuwaomba.

Wakati na gharama

Kwa familia inayosafiri kutoka Kenya, kalenda ya shule ina neno. Likizo ndefu huanza kabla ya Desemba, wakati ambapo theluji katika miinuko ya chini aghalabu haijatosha. Wiki kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo ghali na yenye msongamano mkubwa. Wengi husahau likizo ya Aprili. Wakati huo miji ya juu kama Val Thorens ingali na theluji, siku ni ndefu, baridi imepungua na mara nyingi bei imeshuka. Kwa mtoto wa mara ya kwanza, jua la Aprili ni rafiki kuliko upepo wa Januari.

Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi 11. Walio chini ya miaka sita hawalipi. Viza hiyo hudai bima ya angalau euro 30,000, lakini bima nyingi za kawaida za safari hazigharamii michezo ya theluji ila mtu akilipa nyongeza. Yafaa kuuliza waziwazi: je, bima hii inalipia uokoaji mlimani kwa helikopta? Jibu lipatikane kwa maandishi kabla ya safari.

Wasiotaka kwenda mbali wana njia nyingine. Dubai, ambako Wakenya wengi hufanya biashara au kazi, ina mteremko wa ndani wa Ski Dubai katika jengo la Mall of the Emirates tangu 2005. Barani Afrika kwenyewe, kituo cha Afriski katika milima ya Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hupata theluji, ya asili na ya mitambo, kuanzia Juni hadi Agosti. Nchini Morocco, Oukaïmeden haiko mbali na Marrakech. Saa mbili mahali kama hapo humwonyesha mzazi iwapo mwanawe ataipenda theluji, kabla hajatumia akiba ya mwaka mzima kwa wiki moja ya Alps.

Atakayekwenda, basi, na aende bila kuweka idadi ya kilomita. Apange nusu siku za masomo, siku moja katikati ya wiki isiyo na skii kabisa, na fedha kidogo za chokoleti ya moto. Mtoto akisema amechoka, avuliwe vibao hapo hapo, hata kama tiketi ya siku ingali na saa tatu. Saa hizo tatu ni hasara ya mzazi na mfuko wake. Kumlazimisha aendelee ni kumbebesha mtoto hofu ambayo pengine ataikumbuka kila atakaposikia neno theluji.